Mtego ubaki shambani

MAONI



Kila msimu unapokaribia, maneno yaleyale yanarudi katika mikutano yetu. La kwanza ni kilio: "Fuko inakula viazi byote, inatuachia majani tu." La pili linatoka kwa vijana: "Mutupatie waya, na siye tuanze kutega." Na siku hizi limeongezeka la tatu: kwamba ngozi na manyoya ya wanyama yana soko kule Ulaya, kwa hiyo mtegaji anayejua kazi anaweza kushika dola.

Maneno haya matatu yanatiwa katika gunia moja, wakati kila moja lina njia yake. Maoni yangu ni haya. Kutega ni ufundi mzuri, na mtu anayeanza anaweza kuujifunza kwa wiki moja. Lakini mtego ubaki shambani. Utegwe kwa fuko, ufanywe na kilima kizima kwa pamoja, na mtegaji alipwe kwa shamba lililo safi, si kwa hesabu ya mikia. Waya ya porini, sumu ya sokoni na ndoto ya kuuza ngozi, hizo tuziache. Nitaeleza moja kwa moja, na mwenye kupinga apinge katika mkutano, ndiyo kazi ya gazeti hili.

Umjue kwanza unayemtega

Wasemaji wa Kinyarwanda wanamwita ifuku. Wenye Kifaransa wanasema taupe, lakini fuko wetu si taupe ya Ulaya. Ile ya Ulaya inakula minyoo na wadudu, haigusi kiazi. Wetu ni wa ukoo wa panya. Ana manyoya laini mazito, macho madogo sana, na meno marefu ya mbele ambayo yanatoka nje hata akifunga kinywa. Kwa meno hayo anachimba, na kwa meno hayohayo anakata viazi vitamu, muhogo, mizizi ya maharagi na hata mgomba mchanga. Penye jiwe la lava hana pa kuchimba. Nyumba yake ni udongo mwingi na laini wa milima, kama ule wa Masisi, Rutshuru na Lubero, yaani palepale penye mashamba yetu mazuri.

Mambo mawili juu ya maisha yake yanafaa kukaa kichwani, sababu ndiyo yanaamua namna ya kumtega.

La kwanza: fuko anaishi peke yake. Kila mmoja ana njia zake chini ya udongo, na hapendi mgeni. Dume na jike wanakutana kwa kuzaa tu. Ukiona vilima kumi vya udongo katika kipande kimoja cha shamba, usiseme kuna fuko kumi. Inaweza kuwa ni mmoja tu mwenye kufanya kazi.

La pili: hazai kama panya wa nyumba. Mimba yake inapita mwezi mzima, na mara nyingi anazaa mtoto mmoja au wawili. Basi mkiwapunguza kweli kwenye kilima, hawatarudi upesi kwa kuzaa. Wanarudi kwa kuhama. Njia iliyoachwa wazi na fuko aliyekufa inapata mwenyeji mpya kutoka kwa jirani ambaye hakutega. Ndiyo maana kuna mkulima anayetega kila wiki miaka na miaka, na fuko hawaishi. Si kwamba hajui kutega. Anatega peke yake.

Namna ya kuanza

Mtego wa kienyeji unatosha, wala hauombi pesa nyingi. Wazee wengi wanaujua. Mimi ninaandika hatua zake kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kushika kitanzi.

*Kutafuta njia inayotumika.* Jioni, zungukia shamba na ukanyage vilima vyote vya udongo mpaka vilingane na ardhi. Kesho yake rudi. Palipotoka udongo mpya, mweusi na wenye unyevu, ndipo fuko anafanya kazi. Pengine pote usipoteze nguvu.

*Kufungua njia.* Chimba polepole kando ya kilima kipya mpaka upate tundu. Tundu dogo linalopanda kwenye kilima mara nyingi limezibwa kwa udongo, hilo si lenyewe. Lifuate mpaka ufike kwenye njia kubwa, ile iliyonyooka, ambayo kuta zake ni laini na ngumu kwa sababu ya kupitwa kila siku. Hapo ndipo pa mtego.

*Kuweka kitanzi.* Simika kando ya njia fimbo mbichi inayopindika bila kuvunjika, urefu wake ufike kifuani. Funga kamba imara kwenye ncha yake. Mwisho wa kamba uwe na kitanzi, upana wake ulingane na njia ya fuko. Toboa tundu dogo juu ya njia, shusha kitanzi ndani, ukilaze vizuri kwenye ukuta wa udongo ili kisionekane wala kisizibe njia. Halafu pindisha fimbo na uishike ikae chini kwa uzi mwembamba wa mgomba, uzi huo ukatishe ndani ya njia, upande wa mdomo uliofungua, mbele kidogo ya kitanzi.

Mpango ni huu. Fuko akisikia hewa na mwanga vinaingia katika nyumba yake, anakuja kuziba akisukuma udongo. Kichwa kinapita kwanza ndani ya kitanzi, kisha anakutana na uzi wa mgomba unaomzuia. Anaukata au anausukuma. Fimbo inaruka juu, kitanzi kinambana. Ukiweka uzi nyuma ya kitanzi badala ya mbele, fimbo itaruka kabla hajafika, na utakuta mtego umefyatuka bila kitu. Anayeanza akiona mtego unafyatuka bure kila siku, aangalie hapo kwanza.

*Kukagua.* Mtego ukaguliwe jioni na asubuhi, kila siku. Ukimkuta fuko hai, mpige mara moja kwa nguvu, afe upesi. Kumwacha anateseka ni aibu, na fuko aliyeumia anaweza kukuuma vibaya. Kama kesho hakuna mtu wa kurudi shambani, kwa sababu ya ibada, soko au usalama, usitege leo. Mkimaliza, ng'oa kila kitu: fimbo, kamba na kitanzi. Fukieni mashimo, mtoto au mbuzi asivunjike mguu.

Yako maonyo mawili ambayo hayasomwi katika vitabu vya nchi zingine. Mashamba mengi ya kwetu yamepitiwa na vita. Ukichimba na kukuta chuma usichokijua, usikiguse, usikipige, usimtume mtoto akilete. Weka alama kwa mbali, toka kwa kufuata nyayo zako mwenyewe, na ujulishe wenye mamlaka ya eneo pamoja na majirani. Halafu afya: sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tuliishi na Ebola kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na mwaka 2024 tukaona mpox mpaka ndani ya kambi za wakimbizi pembeni ya Goma. Sisemi fuko ndiye aliyeleta magonjwa hayo. Ninasema mnyama wa pori, mdogo au mkubwa, hashikwi kwa mikono mitupu yenye vidonda. Vaa glavu, na kama huna, tumia hata mfuko wa plastiki. Nawa kwa sabuni au majivu. Mnyama uliyemkuta amekufa bila kujua kilichomuua asiliwe, wala na mbwa. Mzike.

Waya ya porini haichagui

Sasa nije kwa vijana wanaoomba waya. Ombi lao ninalielewa. Ufundi ni mmoja: kitanzi, fimbo, uvumilivu. Kwa nini basi mtu abaki na fuko wakati msitu uko karibu, wenye swala wadogo na nguruwe wa pori?

Jibu la kwanza ni kwamba kitanzi cha porini hakichagui. Mtego wa fuko uko ndani ya nyumba ya fuko, ni yeye anayepita pale. Kitanzi cha waya kilichotegwa juu ya njia ya msituni kinakamata mguu wowote na mkono wowote. Kinaweza kukaa pale miezi mingi baada ya mwenyewe kukisahau, na bado kinaua.

Ngagi wa milima ya Virunga wanakijua vizuri. Hakuna anayetega ngagi kwa kitanzi cha swala, lakini wanakamatwa. Rumangabo, katika kituo cha Senkwekwe ambako ngagi yatima wanatunzwa, aliishi ngagi mmoja jina lake Kaboko. Mkono wake mmoja ulikuwa umepotea kwa sababu ya kitanzi. Alikufa mwaka 2012. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, mtoto wa ngagi aliyeitwa Ngwino alikufa kwa kidonda cha kitanzi. Siku chache baadaye wafanyakazi wa Karisoke waliona ngagi wawili wadogo wa kundi lake, Rwema na Dukore, wakivunja mtego wa namna ileile kwa mikono yao. Walivunja fimbo, wakafungua kitanzi. Wanyama wamefikia kujifunza kujitetea na kazi yetu.

Jibu la pili ni sheria. Parke ya Virunga iko tangu 1925, na tangu 1979 iko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kutega ndani yake ni kosa. Uwindaji katika nchi yetu una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, na uhifadhi wa maumbile una sheria ya tarehe 11 Februari 2014. Mtu akikamatwa na waya ndani ya parke, si koperative itakayoenda gerezani. Ni yeye, na nyuma yake mke na watoto. Na kabla hata ya sheria, msitu wenyewe una watu wenye silaha, na kijana anayeingia kukagua mitego alfajiri anaweza kuchukuliwa kuwa ni mpelelezi wa upande huu au ule. Nyama ya swala mmoja haina bei hiyo.

Jibu la tatu linahusu jina letu. Koperative inayojulikana kwamba wanachama wake wanatega ndani ya parke inapoteza imani ya wale inaowahitaji: wanunuzi, wasaidizi, hata majirani zake. Imani hiyo hairudi kwa msimu mmoja.

Sumu ni deni

Wengine watasema: mbona kujisumbua na fimbo na kitanzi? Soko lina dawa ya panya, unaitia ndani ya kiazi, unakizika, kazi imekwisha.

Kazi haijaisha, imeanza. Sumu nyingi za panya hazijui tofauti ya fuko na kuku. Kuna ile yenye fosfidi ya zinki, unga mweusi wenye harufu kama ya kitunguu saumu. Ikiingia tumboni inatoa gesi ya kuua, na hakuna dawa maalumu ya kuipinga. Mtoto akiokota kiazi kilichotiwa dawa, hospitali itahangaika naye tu. Na mara nyingi sumu inauzwa katika karatasi isiyo na jina wala maelezo, imepimwa kwa kifuniko cha chupa. Mnunuzi hajui anachokibeba, anakiweka jikoni karibu na chumvi.

Tena sumu inaua wasaidizi wetu. Bundi anakula fuko anapotoka juu kuhama au kutafuta majani. Katika milima ya kati ya Kenya, bundi mkubwa wa milimani anajulikana kwa kula fuko wa mashambani. Sisi huku tunampiga mawe tukisema ni ndege ya bulozi. Paka pori, nguchiro na nyoka nao wana sehemu yao. Fuko mwenye sumu tumboni akiliwa na mmoja wa hao, tumepoteza mfanyakazi aliyekuwa analinda shamba usiku bila kuomba mshahara.

Na ngozi je?

Hili nitalisema wazi, maana limewafikia vijana wengi kupitia simu. Kuna nchi ambako watu wanatega wanyama kwa ajili ya manyoya, na wanaoanza wanafundishwa. Huko Kanada na Marekani biashara hiyo ni ya zamani. Kampuni ya Hudson's Bay ilianzishwa mwaka 1670 kwa ajili ya manyoya. Uingereza pia, ngozi za taupe wa kwao ziliwahi kushonwa makoti na makofia, ngozi mamia kwa koti moja, sababu kila moja ni ndogo kama kiganja.

Lakini soko hilo limeshuka sana. Uingereza ilikataza ufugaji wa wanyama wa manyoya kwa sheria ya mwaka 2000. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 1991, ulikataza mtego wa chuma unaobana mguu, na ukafunga mlango kwa manyoya ya wanyama kadhaa kutoka nchi zinazoutumia. Danemark ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa kabisa duniani. Mwezi wa Novemba 2020, kwa hofu ya korona, serikali yake iliamuru minki wote wauawe, wanyama zaidi ya milioni 15. Kama wenye mashine, barabara na benki wanafunga, sisi wa Kivu tutauzia nani ngozi ya fuko?

Na ngozi ambazo kweli zingepata mnunuzi wa siri, kama za chui au za wanyama wengine wa parke, hizo ndizo zenye kupeleka mtu gerezani. Kongo iko katika mapatano ya CITES tangu 1976, na chui yuko katika orodha kali kuliko zote. Mtu akikuambia, "Niletee ngozi, pesa iko," anakutuma ubebe hatari yake. Faida yetu kwa fuko haiko juu ya mgongo wake. Iko chini ya udongo, katika viazi ambavyo hakuvila.

Kilima kizima, na malipo ya haki

Sasa tufike kwenye neno ambalo ninaona ni kubwa kuliko yote. Kwa kuwa fuko anarudi kwa kuhama, mtego wa mtu mmoja ni sawa na kutoa maji ndani ya mtumbwi huku jirani anatoboa. Kazi hii inaomba koperative.

Ninapendekeza hivi. Wiki mbili au tatu kabla ya kupanda msimu A, wakati mvua za kwanza zimelainisha udongo na vilima vipya vinaonekana vizuri, komite ichague kilima kimoja, chenye mipaka inayojulikana: kijito huku, barabara kule. Mashamba yote ya ndani yaingie, hata ya asiye mwanachama, sababu fuko haulizi kadi. Wachaguliwe vijana wanne au sita, wavulana na wasichana, wafundishwe na mzee anayejua. Wapite shamba kwa shamba, kutoka chini kwenda juu, bila kuruka hata moja.

Na walipwe. Hapa ndipo kuna shauri la kufikiri. Desturi katika sehemu nyingi ni kumlipa mtegaji kwa kila fuko anayemwonyesha, au kwa kila mkia. Inaonekana ni haki: umeua kumi, chukua malipo ya kumi. Lakini tukumbuke yaliyotokea Hanoi, huko Vietnam, mwaka 1902. Serikali ya kikoloni ya Ufaransa ilitaka kupunguza panya mjini, ikalipa kwa kila mkia. Mikia ikaletwa kwa maelfu, lakini panya hawakuisha. Wakaguzi wakaanza kuona panya wakitembea mjini bila mikia: watu walikuwa wanakata mkia na kumwachia panya aende akazae tena. Wengine walifuga panya kabisa. Malipo ya mkia yalizaa mikia.

Siyo kwamba vijana wetu ni wezi. Ni kwamba ukimlipa mtu kwa kila fuko, umempa sababu ya kutamani fuko wasiishe. Ataenda penye wengi na kuruka shamba lenye mmoja, wakati huyo mmoja ndiye atakayejaza kilima mwakani. Tena fuko wa kijiji cha mbali anaweza kuletwa akaonyeshwa kama wa hapa.

Basi tulipe shamba safi. Tuseme kilima kina familia 30. Kila familia itoe mchango uliokubaliwa, kwa pesa au kwa kilo za maharagi baada ya mavuno. Vijana wapate nusu wakianza kazi. Halafu komite ipite na kukanyaga vilima vyote vya udongo, kila shamba. Ikirudi baada ya wiki moja na kukuta hakuna udongo mpya, shamba linaandikwa safi. Likibaki safi wiki mbili, vijana wanapata nusu ya pili. Udongo mpya ukitokea, wanarudi kutega bila malipo ya zaidi. Daftari moja na kalamu vinatosha. Na mwenye shamba asaini, ili baadaye asiseme, "Kwangu hawakufika."

Malipo ya namna hii yanafanya haja ya mtegaji na haja ya mkulima ziwe moja: wote wawili wanataka shamba lilale kimya. Baada ya hapo, kulinda mpaka wa kilima ni kazi ndogo. Vijana wawili wapite kila mwezi pembeni, palepale ambapo fuko wa nje wanaingilia.

Wanaosema hapana

Ninajua mtajibu nini. Mama mmoja atasimama na kusema: "Njaa haingojei komite. Mtoto iko nalia leo." Na kijana atasema mchango wa familia 30 ni kidogo, nyama ya porini inalipa upesi.

Kwa mama nitasema ni kweli. Mpango huu hauzuii mtu kutega katika shamba lake hata leo jioni, na hatua za juu zimeandikwa kwa ajili yake. Lakini asitegemee kumaliza taabu peke yake, na asikubali mtu amuuzie sumu kwa sababu ya uchungu.

Kwa kijana nitasema kweli pia: pesa ya kwanza itakuwa ndogo. Sitamdanganya. Lakini kilima kimoja kikisafishwa na watu wakaona, kilima cha pili kitaita. Ufundi wa fuko ni kazi ambayo mtu anaweza kuitembeza kijiji kwa kijiji mchana, mbele ya macho ya chefu, bila kujificha. Na kama shida ni nyama, kobayi na sungura wanafugwa ndani ya kibanda kidogo, wanakula majani na maganda ya viazi, na wanaongezeka upesi. Familia nyingi za Kivu zilipita miaka mibaya kwa kobayi, kwa sababu hata ukikimbia unaweza kuwabeba ndani ya kikapu. Hiyo ndiyo nyama ya kijana mwenye kufikiri.

Mwingine atauliza kama tunataka kumaliza fuko wote. Hapana. Fuko anageuza udongo na kuingiza hewa na maji, na katika pori na malisho ana kazi yake. Tunamtoa penye chakula chetu, basi.

Ya kuzungumza katika mkutano ujao

Komite ya kila koperative ninaiomba iweke maswali haya mezani, na majibu yaandikwe. Kilima kipi kianze, na mipaka yake ni ipi? Nani kati ya wazee atafundisha, na atapewa nini kwa taabu yake? Kila familia itatoa nini, na lini? Nani atapita kukagua, na atakuwa na ndugu kati ya wategaji? Kama yuko, abadilishwe. Na wale wenye waya nyumbani tayari, wako tayari kuileta mbele ya wote, ikatwe vipande vya kufungia miti ya maharagi?

Swali hilo la mwisho ni gumu, na lisiulizwe kwa hasira. Mwenye kuleta waya yake asipigiwe kelele wala asiandikwe jina. Apewe nafasi ya kwanza katika timu ya fuko, maana mkono wake unajua kitanzi tayari.